Pawasaplai ya Kompyuta Kuukuu Iwe Umeme wa Mezani: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale. "Fundi, nimetoa pawasaplai kwenye kompyuta iliyokufa, nimeichomeka ukutani, kimya. Imeungua?" "Waya upi ndio wa volti 12?" "Naweza kuwashia redio ya gari sebuleni?" "Nikichajia betri ya pikipiki je?" Nimeyajibu kwa mdomo mpaka koo limekauka, kwa hiyo leo nayaandika. Pawasaplai ni lile boksi la bati ndani ya kompyuta linalogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo. Majibu ya haraka ni haya: huenda haijaungua, wa njano, ndiyo, na hapana, tafadhali. Yaliyobaki ni kazi ya mikono, jioni moja au mbili.

Mwisho wa kazi utakuwa na boksi dogo la mezani lenye tamino (vishikio vya kuungia waya) za volti 12, volti 5 na volti 3.3. Litatosha kuwasha ledi (vitaa vidogo), feni, mota ndogo, Arduino (bodi ndogo ya kujifunzia programu), redio ya gari na vingine vingi vya kujifunzia. Malighafi haina shida. Kompyuta za mezani zilizokufa zimejaa stoo za shule na ofisi, na mafundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, wanazirundika pembeni mwa banda. Mara nyingi kilichokufa ni mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) au diski, na pawasaplai bado nzima.

Sharti moja kabla ya yote: bati halifunguliwi

Wako watakaokwambia ufungue pawasaplai, utoboe bati lake na kufunga tamino humo humo. Kazi inapendeza ikiisha, sikatai. Lakini kwa anayeanza naikataa. Ndani kuna kapasita kubwa (vipande vya kutunza chaji ya umeme) zinazobeba volti kama 320 hadi 340, kwa sababu umeme wa ukutani wa volti 230 au 240 ukishageuzwa kuwa mkondo wa moja kwa moja hupanda kufika hapo. Kapasita hizo zinaweza kubaki na chaji hata ukichomoa plagi. Halafu unga wa bati unaotoka kwenye drili hudondokea kwenye sakiti, ukauona siku ya kuwasha. Sisi tutafanya kila kitu nje, kwenye boksi la pembeni. Nyaya zinazotoka kwenye bati ni za volti ndogo tayari.

Utakavyohitaji

- Pawasaplai ya aina ya ATX, ile yenye konekta kubwa ya pini 20 au 24. Wati 250 hadi 400 zinatosha.
- Waya wake wa ukutani wenye plagi ya pini tatu. Nitaueleza zaidi mbele.
- Multimita, yaani kipima umeme. Hata ya bei ya chini kabisa.
- Chuma cha kulehemu na risasi yake, koleo la kukatia, bisibisi.
- Boksi la plastiki la umeme, au ubao tu wa plaiwudi.
- Tamino za kubana waya, kama zile za nyuma ya spika na amplifaya: nyekundu tatu, nyeusi mbili au tatu.
- Swichi ndogo ya kawaida ya kuwasha na kuzima.
- Rezista (kipande cha kupunguza umeme unaopita) moja ya omu 10, wati 10 (ile nyeupe ya kauri, ya umbo la tofali).
- Ledi mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, na rezista mbili za omu 330 (mistari chungwa, chungwa, kahawia).
- Fyuzi za gari na vishikio vyake: ampea 10, ampea 5, ampea 3.
- Balbu ya gari ya volti 12, ya indiketa au breki. Hii ni ya majaribio, na utaishukuru.
- Mipira ya kubana kwa joto, au tepu ya umeme.

Rangi za nyaya

Nakili hizi kwenye karatasi uibandike mbele yako:

- Nyeusi: volti sifuri, yaani hasi ya kila kitu
- Njano: volti 12
- Nyekundu: volti 5
- Chungwa: volti 3.3
- Zambarau: volti 5 za akiba, ziko hai muda wote plagi ikiwa ukutani
- Kijani: waya wa kuwashia
- Kijivu: ishara ya kuambia mazabodi kwamba umeme umetulia
- Bluu: volti 12 hasi, za ampea chache sana
- Kahawia: waya wa kupimia, umebanwa pamoja na mmoja wa chungwa
- Nyeupe: volti 5 hasi, utaikuta kwenye pawasaplai za zamani tu

Rangi zinaaminika, ila usiziamini kabla ya kupima. Baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitumia konekta ile ile kwa mpangilio mwingine. Pawasaplai nyingine mpya zina nyaya nyeusi tupu, na zile za kompyuta ndogo za ofisini mara nyingine hutoa volti 12 pekee. Kwa mwanzo, chagua ile yenye rangi kamili kama hapo juu.

Kazi yenyewe

1. Soma lebo. Ubavuni pameandikwa kila volti na ampea zake, kwa mfano 12V 16A, 5V 25A. Zidisha upate wati: 12 mara 16 ni 192. Hizo ndizo wati za upande wa volti 12, hata kama juu pameandikwa 350W kwa herufi kubwa. Mara nyingi utaona pia kwamba volti 5 na 3.3 zinagawana kiasi kimoja cha wati. Kisha geuza nyuma. Kama kuna kiswichi chekundu cha 115/230, hakikisha kiko 230. Kikiwa 115 na ukachomeka kwenye umeme wetu, utasikia mlipuko na hutahitaji kuendelea na mwongozo huu.

2. Ijaribu kabla ya kukata chochote. Watu wanaruka hatua hii, wanakata, wanalehemu, halafu wanagundua walianza na maiti. Chomeka diski kuukuu au sidiromu kwenye mojawapo ya konekta zake ili iwe na mzigo kidogo. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la kijani na tundu la jirani yake jeusi kwenye konekta kubwa. Hapo ndipo uchomeke ukutani na kuwasha swichi ya nyuma. Feni ikizunguka, iko hai. Hii ndiyo siri ya lile swali la kwanza: pawasaplai ya ATX haiwaki kwa kuchomekwa tu, husubiri mazabodi iunganishe kijani na cheusi. Leo mazabodi ni wewe.

3. Pima. Ncha nyeusi ya multimita kwenye waya mweusi, nyekundu ipite kila rangi. Volti 12 ikubalike kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Ikitoka nje ya hapo huku ina mzigo, tafuta nyingine. Usipoteze risasi.

4. Zima, chomoa plagi ukutani, acha ule waya wa kijani na mweusi ukiwa bado umeungana. Feni inaweza kustuka kidogo ikimalizia chaji iliyobaki. Iache ikae nusu saa. Kanywe chai.

5. Kata konekta, panga nyaya kwa rangi. Katia karibu na konekta ili ubaki na urefu. Konekta kubwa ina njano moja (ya pini 20) au mbili (ya pini 24) tu, kwa hiyo njano nyingine zitoe kwenye konekta za diski. Bakiza konekta moja ya diski bila kuikata, siku moja itakufaa. Ukikuta waya wa njano wenye mstari mweusi, huo ni mkondo wa pili wa volti 12 kwenye baadhi ya pawasaplai. Usiuchanganye na njano tupu. Nyaya ambazo hutatumia (bluu, nyeupe, kijivu) zivalishe mpira kila mmoja peke yake. Zikifungwa tepu kwa pamoja zikiwa uchi, umetengeneza shoti.

6. Rudisha kahawia kwa chungwa. Kwenye konekta kubwa kuna pini moja iliyobeba nyaya mbili: chungwa na kahawia mwembamba. Pawasaplai hutumia kahawia kujipima volti 3.3. Ukiukata na kuuacha unaning'inia, haitawaka, au itawaka sekunde moja na kuzima. Ulehemu pamoja na chungwa zote. Niliwahi kuzunguka na tatizo hili siku mbili nzima, nikiamini nimeunguza kitu, kumbe ni waya mmoja mwembamba kuliko kijiti cha meno. Pawasaplai nyingine zina waya mwembamba mwekundu au wa njano wa kazi hiyo hiyo. Kanuni moja: nyaya mbili zilizokuwa kwenye pini moja ziungane tena.

7. Toboa boksi. Matundu ya tamino, swichi na ledi mbili. Tenganisha tamino kiasi kwamba waya uliolegea wa moja haufiki nyingine.

8. Kijani kiende kwenye swichi, upande wa pili wa swichi uende kwenye waya mweusi. Swichi hii haibebi umeme mkubwa, kwa hiyo yoyote inafaa.

9. Funga ledi. Nyekundu: zambarau, rezista ya omu 330, mguu mrefu wa ledi, mguu mfupi kwenye nyeusi. Itawaka muda wote plagi ikiwa ukutani. Ya kijani: fanya vivyo hivyo lakini kutoka waya mwekundu wa volti 5, ili iwake ukiwasha swichi. Utaona michoro mingi inayoweka ledi hii kwenye kijivu. Kijivu ni ishara tu, hakikutengenezwa kulisha taa, kiache.

10. Unganisha tamino. Kwa volti 12 lehemu pamoja njano tatu, pitisha kwenye fyuzi ya ampea 10, kisha tamino. Nyekundu tatu, fyuzi ya ampea 5. Chungwa mbili au tatu, fyuzi ya ampea 3. Nyeusi zichukue nyingi, angalau sawa na jumla ya hizo, maana kila ampea inayotoka hurudi kwa nyeusi. Wengine huniuliza fyuzi ya nini ilhali pawasaplai ina kinga yake. Kinga hiyo husubiri mpaka ampea zizidi zile za lebo. Waya mwembamba wa ledi ukipiga shoti kwenye ampea 16, unayeyuka na kuunguza kidole chako kabla pawasaplai haijaona kosa.

11. Pima shoti kabla ya kufunga rezista ya kauri. Plagi iwe nje. Weka multimita kwenye mlio, gusa kila tamino nyekundu dhidi ya nyeusi, kisha nyekundu kwa nyekundu. Isilie kwa kuendelea. Nimesema kabla ya rezista kwa sababu omu 10 ni ndogo kiasi kwamba multimita nyingi zitalia, nawe utaanza kutafuta shoti isiyokuwepo.

12. Sasa funga rezista ya omu 10 kati ya waya mwekundu na mweusi, ndani ya fyuzi, yaani upande wa pawasaplai. Kazi yake ni mzigo wa kudumu. Pawasaplai nyingi za zamani zikikosa mzigo kwenye volti 5, hukataa kuwaka au volti 12 huyumba. Hapo itachukua nusu ampea, wati 2.5, nayo itapata joto. Usiibandike kwenye plastiki. Ifunge juu ya kipande cha bati, iwe na hewa. Na usije ukaifunga kwenye njano kwa bahati mbaya: kwenye volti 12 itavuta wati 14.4, zaidi ya uwezo wake, na harufu itakujulisha.

13. Washa mara ya kwanza kwa balbu ya gari. Funga balbu kwenye tamino ya volti 12, chomeka plagi, ledi nyekundu iwake. Bonyeza swichi. Ledi ya kijani iwake, feni izunguke, balbu iwake nyeupe. Pima volti zote tena, sasa kwenye tamino.

Kuhusu plagi ya pini tatu

Hapa naomba utulie kidogo. Wengi hutumia waya wa pini mbili, au huvunja pini ya juu ya plagi, au nyumba haina ethi (waya wa usalama unaoshuka ardhini) kabisa. Halafu wanalalamika kwamba "bati linang'ata". Hilo si ajabu. Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, zimeunganishwa kati ya nyaya za ukutani na bati. Ethi ikiwepo, kinachovuja hupitia huko kimya kimya. Ikikosekana, bati lote na kila waya mweusi hupanda hadi karibu nusu ya volti za ukutani. Ampea ni ndogo sana, mara nyingi ni mwasho tu, lakini mwasho huo huo huunguza sakiti nyepesi, na siku kitu cha ndani kikiharibika kweli hautakuwa mwasho tena. Tumia plagi kamili, soketi yenye ethi iliyofungwa na fundi umeme. Kama nyumba haina ethi, anzia hapo.

Jambo jingine linalotokana na hilo: nyeusi zote zimeungana na bati, na bati na ethi. Kwa hiyo huwezi kupanga pawasaplai mbili mfululizo upate volti 24. Hasi ya ile ya juu tayari iko kwenye ethi, utakuwa umepiga shoti ile ya chini.

Redio ya gari

Hili ndilo linaloleta watu wengi, nami silaumu. Redio ya gari na spika mbili kwenye boksi zuri ni raha ya jioni. Lakini rangi zina mtego. Kwenye redio, njano ni volti 12 za kudumu na nyekundu ni volti 12 za swichi ya gari. Kwenye pawasaplai, nyekundu ni volti 5. Kijana mmoja alinijia na redio "mbovu" baada ya kuunganisha nyekundu kwa nyekundu na njano kwa njano, kwa uaminifu kabisa. Redio ilikuwa nzima, ilikuwa inasubiri volti 12. Sokota njano na nyekundu za redio pamoja, zipeleke kwenye tamino ya volti 12. Nyeusi kwa nyeusi. Waya wa bluu wa redio hutoa umeme kwa ajili ya antena au amplifaya, usiupe umeme, uvalishe tepu.

Nyaya za spika ziende kwenye spika tu, kila spika na jozi yake. Usiunganishe hasi za spika pamoja, wala kwenye nyeusi. Redio za kisasa hazina hasi ya pamoja, na kosa hili huua IC (chipu) ya sauti.

Ukizima swichi redio itasahau stesheni na saa, ni kawaida. Amplifaya ya gari iliyoandikwa wati elfu moja isiletwe hapa: besi ikigonga, fyuzi au kinga itakata. Zile 192 za kwenye lebo haziongezeki kwa maombi.

Betri

Betri ya risasi ya volti 12 huchajiwa kwa volti 13.8 hadi 14.4. Volti 12 haijazi. Kibaya zaidi, ukizima swichi betri itaanza kurudisha umeme ndani ya pawasaplai. Za lithiamu ndiyo kabisa usithubutu. Zinahitaji chaja inayodhibiti volti na ampea.

Ikigoma

Ledi nyekundu haiwaki kabisa. Angalia swichi ya nyuma, soketi, kisha fyuzi ya plagi. Pima zambarau. Kama haina volti 5, tatizo liko ndani ya bati. Tulikubaliana hatufungui. Tafuta nyingine.

Nyekundu inawaka, ukibonyeza swichi feni inastuka na kuzima. Kwa mpangilio wa uwezekano: kahawia haijarudi kwa chungwa, kuna shoti, au rezista ya mzigo imeachia. Chomoa vyote vya kwenye tamino ujaribu tena.

Ilikuwa inafanya kazi, ukagusanisha nyaya, sasa imekufa. Mara nyingi imejifunga yenyewe. Zima swichi, chomoa plagi, subiri dakika mbili, jaribu. Kama inawaka lakini tamino moja haina kitu, fyuzi hiyo imekatika.

Volti 12 inasoma chini ya 11.4 ukiweka mzigo. Pima volti 5 vilevile. Zikishuka zote, umeizidishia. Ikishuka ya 12 peke yake, ongeza mzigo kwenye volti 5 kwa rezista ya pili kama ile ya kwanza. Na kama pawasaplai ni mpya kiasi, yenye konekta ndogo ya njano mbili na nyeusi mbili, huenda mzigo inaoutaka ni wa volti 12: iachie balbu ndogo ya wati 5.

Redio ya AM inanguruma, au FM ina mchakacho. Ni kelele ya pawasaplai yenyewe, za aina hii zote zinayo. Sogeza antena mbali na bati, na usiupitishe waya wa antena sambamba na nyaya za umeme.

Feni inakoroma. Vumbi. Chomoa plagi, puliza kwa pampu ya baiskeli kupitia matundu ya nyuma, huku umezuia pangaboi lisizunguke kwa kijiti cha mbao. Si kwa bisibisi.